Kilo Nane Mgongoni

Mizani ya kupimia watoto haikutengenezwa kwa ajili ya mifuko ya safari, lakini ndiyo mizani pekee iliyokuwako kituoni, na Dokta Baudouin alikuwa amekwisha sema neno lake: hakuna mtu atakayepanda milima ya huko nyuma ya Gety na zaidi ya kilo nane mgongoni. Mwaka uliotangulia muuguzi mmoja aliteleza na furushi lake kwenye mteremko wa udongo, akavunja mguu, akabebwa siku mbili kwa machela, na chanjo zote zikaharibika kwa jua. Kwa hiyo alasiri ile ya Septemba 2011, katika kituo kidogo cha afya pembeni mwa Bunia, Domitille aliiondoa ile suruali ya kitambaa wanamoning'inizwa watoto, akautundika mfuko wake kwenye ndoana, akauachia. Boriti ililia. Mshale ukazunguka, ukasimama kwenye kumi na nne.

"Quatorze," alisema Emery, huku anacheka. "Mama Domitille, huyu mutoto yako anakulaka nini?"

"Anakulaka akili ya watu kama weye," alijibu Domitille, na akaushusha mfuko.

Emery alikuwa muuguzi mwenzake, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyetoka shule juzijuzi na kila kitu alikijua. Mfuko wake mwenyewe aliununua kwenye soko la nguo kuukuu, mfuko wa kizungu wenye mkanda wa kufunga kiunoni, na wiki nzima aliwahubiria watu wa kituo habari za mkanda ule. Uzito ukae kiunoni, si mabegani. Vitu vizito na vya bapa vikae chini, karibu na mgongo. Kitu usichokigusa kila siku, kiache nyumbani. Wake ulipima kilo sita, na ndani mlikuwa na kigodoro cha sponji, blanketi, sweta nzito, viatu vya kubadilisha na biskuti. Alikuwa anakwenda kufanya kazi mlimani, akafunga mzigo wa mtu anayekwenda kufanya kazi mlimani. Ndiyo raha ya kuwa mtoto wakati wa vita: Emery alikimbizwa na mjomba wake hadi Kampala kwa lori, akarudi amenenepa.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Katika bonde la Isuro, nyuma ya milima, surua ilikuwa imeingia tangu Agosti na imekwisha zika watoto kumi na tisa. Kilima cha jirani, Akobi, kilikuwa bado hakijaguswa. Kulikuwa na watoto sabini na watatu kule, wote wameandikwa na Papa Liévin, mtu wa kijiji aliyesaidia kazi za afya, na tangu vita hakuna mchanjaji aliyewahi kufika. Sindano ikishaingia mwilini inahitaji siku kumi hivi ili kumkinga mtoto, na surua haikuwa mbali kiasi hicho. Dokta Baudouin aliwaambia waziwazi: wakichelewa wiki moja, wasijisumbue kwenda.

Domitille aliumwaga mfuko wake juu ya kitanda cha wazazi, akaanza kupunguza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mwenye mgongo uliokuwa ukimchokoza tangu uzazi wa tatu, na Emery alitegemea kwamba sasa ataona akili. Alishika kigodoro, akakiweka pembeni. Alishika sweta, akaiweka pembeni. Blanketi. Thermos ya chai. Viatu vya mpira vya kupandia matope, ambavyo peke yake vilipima karibu kilo mbili. Kitenge cha pili. Kila kilichoweza kumpa usingizi au joto kilirudi kwenye kapu la nyumbani, na juu ya kitanda vikabaki sufuria yenye masizi, unga kilo tatu, chumvi, viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni, kisu, kipande cha turubai, na bahasha ya plastiki yenye diploma yake ya uuguzi na karatasi ya kiwanja. Kisha daftari kubwa la chanjo, ambalo lilikuwa la lazima.

"Mama," alisema Emery polepole, "unatosha kigodoro na blanketi mu mufuko, unabakisha sufuria?"

"Unaona vizuri."

"Kule batatupikia. Siye ni bageni. Mugeni hatembeake na sufuria, inakuwa kama tunabatukana."

"Basi nitabatukana nikiwa nimeshiba."

"Na diplôme? Nani ataomba diplôme yako ku Akobi? Mbuzi?"

Domitille alitundika tena mfuko. Mshale ulisimama kwenye nane kasoro kidogo, na akamtazama Emery kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa usimcheke haraka. Watu wa Bunia wanajua kufunga mizigo kuliko wanavyojua kufunga ndoa, na kila mmoja ana somo lake alilolilipia. Domitille alilipia mwezi wa tano, 2003. Asubuhi ile risasi zilipoanza alibeba vitu vya mwanamke mwenye cheo: mkoba, sweta nzuri, thermos, viatu, na mto wa mama yake kwa sababu mama alikuwa na shingo mbaya. Walitembea kuelekea Beni pamoja na maelfu ya watu, kupitia Komanda, na siku ya tatu akagundua kwamba barabarani kuna mataifa mawili tu: wenye sufuria na wasio nayo. Wenye sufuria walipika, wakachemsha maji, wakala, kisha wakawaazima wengine. Wasio nayo walingoja. Mama yake alichoka kungoja maji ya kuchemshwa, akanywa ya mtoni, na siku ya kumi na moja wakamzika kando ya barabara na mto wake chini ya kichwa. Na Beni nako, Domitille alipojitambulisha kwamba ni muuguzi, walimwomba karatasi. Hakuwa nayo. Miaka miwili alipiga deki katika wodi ambazo angeweza kuziongoza, akifundishwa kushika ndoo na wasichana waliokosea hata kusoma kipimajoto.

Hayo aliweza kumweleza yeyote. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumweleza mtu, wala Dokta. Watu wa Akobi walikuwa wa ule upande mwingine, kabila lililopigana na lake wakati wa vita. Amani ilikuwepo, ndiyo. Magavana walikwisha kuja, karatasi zilikwisha kusainiwa, watu walipeana mikono mbele ya kamera na mbuzi wakachinjwa. Domitille alikula nyama ile kama wengine. Lakini usiku wa siku alipopangiwa safari hii hakupata usingizi. Hakuwa anaogopa milima. Alikuwa anawaogopa akina mama wa wale watoto sabini na watatu, waume zao, na saa sita za kutembea kati ya kilima chao na pikipiki ya kwanza. Alifunga mzigo wa kuwakimbia watu aliokuwa anakwenda kuwaponya watoto wao. Ungemwambia hivyo angekuita mwongo.

Waliondoka kwa pikipiki mbili, sanduku la baridi lenye chanjo likiwa limefungwa nyuma ya Emery kama bibi harusi. Walipopita Bogoro, ambako watu wengi waliuawa wakati wa vita, kila mtu alijitia kuangalia mawingu. Walilala Gety kwenye nyumba ya padri. Emery alitandika sponji yake, akajifunika, akakoroma hana hili wala lile. Domitille alilala juu ya turubai kwenye saruji, na Gety ina baridi inayoingia kwenye mifupa na kukaa humo kama mpangaji. Alfajiri alisimama kwa vipande. Emery alimpa sweta yake, naye akaivaa bila kushukuru, kwa hasira ya mtu anayejua amekosea lakini ana sababu.

Kupanda kulianza saa kumi na mbili. Walikuwa wawili tu. Liévin angewangoja juu. Sufuria ilikataa kuingia ndani ya mfuko, kwa hiyo Domitille aliifunga kwa nje, chini ya kamba, na kwa kila hatua iligonga kiuno chake: tang, tang. Mikanda ilimkata mabega. Kandambili ziliteleza, matope yakamfika kwenye vifundo, na alivikumbuka vile viatu vya mpira vilivyobaki kwenye kapu vinakula vumbi. Walibadilishana sanduku la baridi kila nusu saa. Saa nne walipita shamba ambamo wanawake watano walikuwa wanalima. Emery akasalimia. Wanawake wakaitikia, kisha wote watano wakasimama wima na majembe yao, wakatazama.

"Banaangalia nini?" Emery aliuliza walipokwisha kupita.

"Sura yangu," alisema Domitille.

Alisema hivyo kwa uchungu na pia, Mungu amsamehe, kwa kuridhika kidogo. Alikuwa ameona. Hawajasahau. Kwenye vibanda vya mbele mzee mmoja alitoka mlangoni, akawafuata kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akamwita mtu kwa ndani. Domitille aliongeza mwendo. Kila jicho lililomtazama alilichukua kuwa la chuki, akaliweka pamoja na mengine. Hata mara moja haikumjia kwamba wale watu hawakuwa wanatazama uso wake. Walikuwa wanatazama nyuma yake, chini ya kiuno, kile kitu cheusi kilichokuwa kinagonga.

Akobi ilikuwa shule ya madarasa mawili, kanisa la miti, na nyumba zilizotawanyika kwenye mgongo wa kilima. Papa Liévin, mtu mfupi wa miaka sitini aliyevaa koti la harusi ya mtu mwingine, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametimiza kazi. Akina mama walijaa uwanjani, wengine wamelala pale tangu jana kwa kutoka mbali, watoto migongoni na miguuni, na nyuma ya kanisa moshi ulikuwa unapanda: kuku wawili, mboga, na ugali kwa ajili ya wageni. Walikuwa wametandika kitenge kipya juu ya meza ya mwalimu.

"Mama, karibu sana," alisema Liévin. "Tuliwangojea ninyi kama mvua. Batoto bote wako hapa. Hata moja hakukosa."

Domitille aliona meza, kitenge, na foleni iliyonyooka bila kusukumana. Alijisikia mjinga, akafurahi kujisikia mjinga. Emery tayari alikuwa ameshika chupa ya kwanza ya chanjo.

"Usifungue," Domitille alimwambia. "Ngoja daftari kwanza."

Alikuwa na haki. Chupa moja ni ya watoto kumi, na ukishaichanganya huna siku nzima. Kwanza majina, kisha sindano. Basi aliuvua mfuko, akauweka juu ya meza, akatafuta daftari. Daftari lilikuwa chini kabisa, kwa sababu bapa na zito hukaa chini, karibu na mgongo, na mahubiri ya Emery yalikuwa yamemwingia kuliko alivyokubali. Alivuta, halikutoka. Akafanya kama anavyofanya kila mwanamke mwenye haraka: aliupindua mfuko na kuumwaga.

Unga. Chumvi. Viberiti ndani ya nailoni. Kisu. Turubai. Bahasha ya diploma na karatasi ya kiwanja iliteleza kwenye kitenge kipya, ikasimama mbele ya mwanamke wa kwanza kwenye foleni.

Alikuwa mwanamke wa miaka isiyozidi thelathini, aliyeitwa Rébecca, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Hakuigusa bahasha. Ilikuwa plastiki inayoonyesha, na alijua kusoma.

"Mama infirmière," alisema kwa sauti ya chini ya adabu, akimwita muuguzi kwa Kifaransa, "ku Bunia banasemaka nini?"

"Hakuna kitu. Iko kimya."

"Iko kimya." Rébecca alitazama unga. "Na hii bunga ni ya nani?"

"Yangu."

"Siye hatungekupatia chakula?"

"Mungenipatia."

"Na sufuria?"

Nyuma ya Rébecca mazungumzo yalikuwa yamekatika, na ukimya ule ulirudi nyuma kwenye foleni, mama hadi mama.

"Mutu anakuya kuchoma batoto shindano," alisema Rébecca, "anabeba diplôme yake na karatasi ya parcelle yake. Mama, tuambie tu. Siye pia tuko na batoto."

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: nilibeba hivi kwa sababu ninawaogopa ninyi. Kama angelitema pale pale, labda wangekasirika, labda wangecheka. Kuna vicheko vya aina hiyo katika nchi hii ya Ituri, vinavyotoka kwa watu waliokwisha kuogopana vya kutosha. Lakini kumwambia mtu aliyekuchinjia kuku kwamba ulikuja ukiwa umejiandaa kumkimbia, hilo lilimshinda kwa aibu. Akachagua uongo mdogo, ule laini.

"Ni vile nilizoea tu," alisema. "Haina maana."

Hapo ndipo alipowapoteza. Watu wa kilima kile walikuwa na somo lao pia, na wao walililipia. Kila mara kabla ya vita kufika, wenye habari ndio waliofunga kwanza: mwalimu, karani, muuguzi. Hawakusema kitu. Uliwaona tu asubuhi moja na sufuria na karatasi zao, ukawauliza, wakakwambia kwamba ni vile walizoea, haina maana. Waliowaamini walizikwa. Sasa muuguzi wa Bunia amepanda mpaka kwao na mzigo wa kukimbia, maana yake anajua kwamba kabla hajarudi nyumbani atakimbia.

Hakuna aliyepiga kelele. Rébecca alirekebisha kitambaa cha mtoto mgongoni, akasema, "Nakuya, naenda kuangalia kitu ku nyumba," akaondoka. Wa pili akakumbuka mbuzi wake. Wa tatu akamfuata. Foleni haikuvunjika, iliyeyuka tu kwa mbele, na katika nusu saa uwanja ulikuwa na mbwa mmoja na moshi wa chakula kisicho na mlaji. Liévin alikimbia huku na huko akishika watu mikono, akirudi peke yake, koti likimlemea.

"Mama," alisema mwishoni, na hakuwa na hasira, jambo lililokuwa baya zaidi, "ungaliacha ile sufuria ku Gety."

"Batarudi," alisema Emery.

Walingoja. Sanduku la baridi lilikaa kivulini chini ya meza, limefungwa vizuri, chanjo zote ndani yake zikiwa nzima. Saa saba Liévin alipanda kwenye mwamba nyuma ya shule, akatazama upande wa pili, akashuka uso umebadilika.

"Banateremuka," alisema. "Banaenda Isuro. Kule kuko pori. Ndiyo kule tulijifichaka wakati wa vita."

"Isuro?" Domitille alisimama. "Surua iko kule kule Isuro."

"Banajua, Mama."

Domitille alifika kwenye mwamba. Chini, kwenye njia nyembamba ya upande wa pili, ulikuwa mstari mrefu wa watu: magodoro vichwani, mbuzi kwa kamba, sufuria, sufuria, sufuria. Na watoto. Sabini na watatu wale wale, wameandikwa majina, wamekwisha kuoshwa kwa ajili ya sindano, wanapelekwa kwa miguu yao mahali pekee penye ugonjwa. Domitille alishika kichwa. Mtu anaweza kuishi miaka minane akijilinda na mauti, akafika siku moja akawa yeye ndiye aliyeyaleta, bila bunduki, kwa kilo nane.

Alivua kandambili.

"Chukua sanduku, tuende wote," alisema Emery.

"Sanduku litanichelewesha. Na njia ni mbaya, utalivunja. Bakia nalo hapa na Papa Liévin. Mi nitabarudisha bote."

Aliamini hivyo. Sasa hakuwa na aibu tena, na alidhani kwamba ukweli, kwa kuwa umemgharimu hivi, utafanya kazi. Akateremka mbio, peku, mikono mitupu, mgongo umenyooka kama wa msichana. Hakuwahi kuwa mwepesi namna ile tangu vita. Miiba ilimchoma, alianguka mara mbili, akasimama, na baada ya zaidi ya saa moja aliwafikia wa mwisho mwisho kwenye kijito, pale ambapo njia inaanza kuzama kwenye msitu wa Isuro. Wengi walikuwa wamekwisha kuvuka. Rébecca alikuwa amebaki nyuma, furushi kichwani na mtoto mgongoni, anasubiri mama mkwe wake avuke mawe.

"Mama Rébecca, ngoja." Domitille hakuwa na pumzi. "Ngoja. Hakuna vita. Naapa kwa kaburi ya mama yangu. Hakuna mutu aliniambia kitu."

Rébecca alimtazama miguu iliyokuwa inatoka damu.

"Ile mizigo nilifunga ju yenu," alisema Domitille. "Niliogopa ninyi. Watu ya Akobi. Nilisema, bakitaka kuniua, nikimbie na sufuria yangu. Ni ile tu. Hakuna kingine."

Kijito kilipita kati yao na wale waliovuka. Mama mkwe alisimama juu ya jiwe, akasikiliza. Domitille aliona kwamba ameaminiwa; aliiona imani inaingia usoni mwa yule mwanamke, na pamoja nayo kitu kingine, kama uchovu.

"Ungalisema pale ku meza," alisema Rébecca.

"Najua."

"Siye nasi tunaogopaka ninyi. Tulichinja kuku na woga. Ungalisema pale, tungalicheka."

"Basi rudini. Ita bengine, barudi."

"Bengine iko mbali. Bwana yangu iko mbele na mbuzi. Nani atarudisha batu ju ya neno ya mama mumoja?" Alishusha furushi chini. Alifungua kitambaa, akamtoa mtoto mgongoni, msichana mwenye macho makubwa ya usingizi, akamkalisha mkononi, akapandisha mkono wa gauni lake mpaka begani. Bega lilikuwa dogo, safi, limepakwa mafuta tangu asubuhi. Akalisogeza mbele. "Lakini huyu ni wangu. Choma huyu. Choma mbio, niende."

Domitille aliinua mikono yake. Ilikuwa imejaa michubuko na matope, na hakuna kitu ndani yake.

Rébecca alitazama mikono ile, kisha njia alikotoka Domitille, kisha tena mikono.

"Sanduku iko wapi?"

"Iko juu. Ku shule." Domitille alionyesha juu kwa kidole. "Ngoja kidogo. Nitaleta. Saa moja tu."

Kilima kilikuwa kimesimama nyuma yake, na wote watatu walijua kwamba kukipanda na kurudi ni jua kuzama. Mama mkwe alimwita Rébecca kwa jina, mara moja, bila ukali. Upande wa pili watu wa mstari walikuwa wamekwisha kupotea msituni, na sauti za mbuzi zilikuwa zinafifia.

"Sitaweza kulala hapa na mutoto," alisema Rébecca.

Alishusha mkono wa gauni la mtoto, akaunyoosha vizuri kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Akamrudisha mgongoni, akafunga kitambaa, akainama kuchukua furushi. Lilikuwa zito, hakuweza kulipandisha peke yake. Domitille alisogea, akashika upande wa pili, akamsaidia kulikalisha kichwani. Sufuria ilikuwa ndani, aliisikia kwa mkono wake.

"Asante, Mama," alisema Rébecca, akavuka kijito, akaingia msituni kuelekea Isuro.